Seneta Aliye Kitini au Mpinzani Wake? Ulinganisho kwa Mpiga Kura wa Bunge la Jimbo Nchini Marekani

Raia mpya wa Marekani aliyetoka Goma, Mombasa au Kigoma, anapopewa karatasi ya kura kwa mara ya kwanza, huwa amekwisha kuamua juu ya urais. Kinachomkwamisha ni majina ya chini ya karatasi, hasa jina la seneta wa jimbo anayetetea kiti chake dhidi ya mtu mpya wa chama hicho hicho. Wote wawili wanataka shule nzuri, wote wawili wanalalamikia kodi za nyumba, na vipeperushi vyao vinafanana hadi rangi. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mpiga kura huyo, na umejengwa juu ya shindano lililokwisha, ambalo matokeo yake na yaliyofuata yanajulikana: lile la Septemba 2018 katika wilaya (eneo la uchaguzi) ya 13 ya Seneti ya New York, kati ya seneta José Peralta na mpinzani wake Jessica Ramos, wote wawili Wademokrati. Shindano la zamani hufaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu ahadi zake zimekwisha kupimwa na hakuna anayeweza kusema kwamba anapigiwa debe.

Cheo chenyewe kieleweke kwanza, kwa kuwa jina la seneta huwachanganya wengi. Mkenya aliyezoea Seneti ya Nairobi, yenye maseneta 47 waliochaguliwa na kaunti zao pamoja na wale wa kuteuliwa, huenda akadhani kwamba kila seneta wa Marekani yuko Washington. Sivyo. Kila jimbo lina bunge lake, na isipokuwa Nebraska, mabunge hayo yote yana mabaraza mawili, Seneti ikiwa ndiyo baraza la juu. Seneti ya New York ina viti 63, hukutana Albany, makao makuu ya jimbo, na kila seneta hurudi kwa wapiga kura baada ya miaka miwili. Ni bunge hili, wala si lile la Washington, linaloamua mpangaji apandishiwe kodi kwa kiasi gani, nani apewe leseni ya udereva, shule za umma zipate fedha ngapi na kima cha chini cha mshahara kiwe dola ngapi. Haki ya kulichagua ni ya raia peke yake: mwenye kadi ya kijani, hata akiwa amelipa kodi kwa miaka kumi, hapigi kura hii, na akijiandikisha kimakosa anaweza kuharibu ombi lake la uraia.

Wagombea wawili, wasifu mbili

Wilaya ya 13 ilikuwa Queens, sehemu ya jiji la New York, ikikusanya Jackson Heights, Corona, East Elmhurst na sehemu za jirani, mitaa ambayo wakazi wake wengi walizaliwa nje ya Marekani. Ukiwaweka wagombea wale bega kwa bega, tofauti ya kwanza ilikuwa ya uzoefu, nayo ilikuwa kubwa. Peralta alikuwa ameingia baraza la chini la bunge la jimbo mwaka 2003, na Machi 2010 alishinda uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha seneta aliyefukuzwa na maseneta wenzake. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye asili ya Jamhuri ya Dominika kuchaguliwa katika Seneti hiyo. Ramos, binti wa wahamiaji kutoka Kolombia aliyezaliwa Queens mwaka 1985, hakuwa amekaa bungeni hata siku moja. Alikuwa amefanya kazi katika vyama vya wafanyakazi, kisha katika ofisi ya meya Bill de Blasio akishughulikia vyombo vya habari vya Kihispania. Aliyepima kwa wasifu tu angempa Peralta kura bila kusita, na asingelaumiwa.

Tena Peralta alikuwa na jambo ambalo wapinzani wengi hawalipati: mswada wenye jina lake. Kwa miaka kadhaa aliubeba mswada ulioitwa Dream Act, wa kuwaruhusu vijana wasio na hati za ukaazi, waliomaliza sekondari New York, kuomba msaada wa jimbo wa karo za chuo. Katika wilaya kama ile, mswada huo ulikuwa unazungumza na sebule nyingi. Machi 17, 2014, ulifikishwa mbele ya Seneti nzima na ukapata kura 30 za ndiyo dhidi ya 29 za hapana. Ukaanguka. Msomaji asidhani kuna kosa la uchapaji: New York, mswada haupiti kwa kuwazidi waliokataa, bali kwa kupata wingi wa viti vyote vya baraza, yaani 32 kati ya 63, kwa hiyo kiti kilicho wazi na seneta asiyekuwepo vina uzito ule ule wa kura ya hapana. Zilikosekana mbili.

Hapa ndipo ulinganisho unapoanza kuwa mgumu, na ndipo mpiga kura anapopaswa kutumia muda wake mwingi.

Swali la kambi

Tangu Januari 2011 Seneti ya New York ilikuwa na kundi la Wademokrati waliojitenga na wenzao chini ya Jeff Klein wa Bronx, likijiita kambi ya Wademokrati Huru. Baada ya uchaguzi wa 2012, ambapo Wademokrati kwa jina walikuwa wengi, kundi hilo lilikubaliana na Warepublikani kuongoza Seneti kwa pamoja, Klein akawa mmoja wa viongozi wawili. Mwenye uongozi wa baraza ndiye anayeamua mswada upi uletwe na upi usahaulike kwenye kamati. Ndiyo kusema kwamba mtu alimpigia kura Mdemokrati akitarajia ajenda ya Wademokrati, na kura yake ikasaidia kuweka ufunguo wa mlango mikononi mwa chama kingine.

Peralta alijiunga na kambi hiyo Januari 2017, siku chache baada ya Donald Trump kuapishwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na ni haki ielezwe jinsi alivyoieleza: alisema kwamba kukaa upinzani hakumletei mhamiaji wa Jackson Heights chochote, na kwamba ndani ya kambi yenye mkono katika uongozi angeweza kuleta fedha za huduma na kusukuma miswada. Kambi ilikuwa na mambo ya kuonyesha. Likizo yenye malipo ya kulea mtoto au kuuguza jamaa, pamoja na safari ya kufikisha kima cha chini cha mshahara dola 15, zote zilipitishwa mwaka 2016 wakati kambi ikishirikiana na Warepublikani. Watetezi wake walikuwa na hoja nyingine ya hesabu: Mdemokrati mmoja wa Brooklyn, Simcha Felder, alikuwa akikaa na Warepublikani kwa hiari yake, nje ya kambi ya Klein, kwa hiyo hata maseneta wote wanane wa kambi ya Klein wangerudi nyumbani, bado Wademokrati wangebaki 31, mmoja pungufu ya wingi.

Wakazi wengi hawakuikubali hoja hiyo. Walimkabili Peralta kwa hasira katika mkutano wa hadhara mwanzoni mwa 2017, na kutoka hasira hiyo ndipo nafasi ya Ramos ilipopatikana. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuitamka: atakaa na Wademokrati wenzake tangu siku ya kwanza, chini ya kiongozi wao katika Seneti, Andrea Stewart-Cousins. Aprili 2018 gavana Andrew Cuomo alipatanisha pande mbili na kambi ikavunjwa, hivyo kwa Septemba hiyo maseneta wanane walisimama wakisema kwamba ugomvi umekwisha. Wapiga kura walilazimika kuamua kama toba iliyokuja miezi mitano kabla ya kura ina thamani sawa na msimamo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kipimo cha kweli cha uchaguzi wa bunge lolote la jimbo kilipo. Mswada mzuri wenye jina la seneta una maana ndogo ikiwa seneta huyo huyo anasaidia kumweka madarakani kiongozi asiyeutaka. Kura ya kwanza ya seneta baada ya kuapishwa, ile ya kumchagua kiongozi wa baraza, ina uzito kuliko miswada kumi atakayoiunga mkono baadaye, nayo haiandikwi kwenye vipeperushi. Anayelinganisha wagombea wawili wa chama kimoja na aanzie hapo: amwulize kila mmoja, kwa jina, atamwunga mkono nani kuwa kiongozi, na kama kuna mazingira ambayo yangemfanya akae na upande wa pili. Aliye kitini ana rekodi ya jibu lake. Mpinzani ana ahadi tu, na hilo ni pungufu lake la kudumu.

Kilichofuata

Kura za mchujo, ambazo Mtanzania angeziita kura za maoni, zilipigwa Alhamisi Septemba 13, 2018. Siku haikuwa Jumanne kama ilivyo desturi, kwa sababu Jumanne ya wiki hiyo ilikuwa Septemba 11. Juu ya karatasi ile ile kulikuwa na shindano la ugavana kati ya Cuomo na mwigizaji Cynthia Nixon, na takriban watu milioni 1.5 walijitokeza upande wa Wademokrati, zaidi ya mara mbili ya mwaka 2014. Ramos alipata takriban asilimia 55. Kati ya maseneta wanane wa kambi ya zamani, sita walishindwa siku hiyo, akiwemo Klein mwenyewe, aliyetumia zaidi ya dola milioni 2 kutetea kiti chake na bado akaangushwa na mwanasheria Alessandra Biaggi, ambaye hakuwa na hata karibu na kiasi hicho. Kuhusu fedha inatosha kusema hayo: wingi wa vipeperushi mlangoni unaonyesha nani ana wafadhili, basi.

Novemba Wademokrati walishinda viti 39 bila kumhesabu Felder, na Januari 2019 Stewart-Cousins akawa mwanamke wa kwanza kuongoza walio wengi katika Seneti hiyo. Dream Act ilipita mwezi huo huo kwa kura 40 dhidi ya 20, na ikawa sheria Aprili. Peralta hakuiona. Alifariki Novemba 21, 2018, akiwa na miaka 47, kabla kipindi chake hakijaisha, na sheria ikapewa jina lake. Mtu anaweza kuisoma hadithi hiyo kwa namna mbili, na zote mbili ni za kweli: mwandishi wa mswada alikuwa na nia njema tangu mwanzo, na mswada ulipita tu baada ya baraza kubadilika, badiliko ambalo kushindwa kwake kulikuwa sehemu yake.

Kwa mhamiaji, mwaka 2019 ulileta mengine pia. Juni, Seneti ilipitisha kwa 33 dhidi ya 29 sheria ya kumpa mtu leseni ya udereva bila kuangalia hati zake za ukaazi, na mwezi huo huo sheria za kuwalinda wapangaji zikaimarishwa. Kura 33, palipohitajika 32, zinaonyesha jinsi kiti kimoja cha wilaya moja ya Queens kinavyoweza kuwa na uzito.

Je, ukongwe hauna thamani?

Hoja kubwa ya seneta yeyote aliye kitini ni ukongwe: anajua njia, ana uenyekiti wa kamati, ataleta fedha, na mgeni atatumia miaka miwili kujifunza milango. Hoja hii isitupwe, lakini isikubaliwe bila kuangalia chama chake kinakaa wapi. Ramos alipoingia Januari 2019 alipewa mara moja uenyekiti wa kamati ya kazi, kwa kuwa chama chake kilikuwa kimechukua baraza na viti vingi vya wenyekiti vilikuwa wazi. Julai mwaka huo mswada alioubeba wa wafanyakazi wa mashambani ulitiwa saini, ukiwapa haki ya kujiunga na vyama, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na malipo ya ziada baada ya saa 60. Mgeni wa miezi sita alikamilisha jambo ambalo wakongwe walilizungusha kwa miaka mingi. Wakati baraza linapogeuka, ukongwe hupungua bei. Wakati baraza limetulia na seneta wako yuko upande wa walio wengi, ukongwe wake ni mali yako na kumwondoa kuna gharama.

Wapiga kura wa 2018 wenyewe hawakufyeka kila mtu. Diane Savino wa Staten Island na Brooklyn ya kusini alinusurika, na David Carlucci wa Rockland vilevile, ingawa wote wawili walikuwa waasisi wa kambi ya Klein. Savino alikuwa na sheria ya 2014 ya matumizi ya bangi kwa tiba kama ushahidi wa kazi yake, na wilaya yake haikuwa na rangi moja ya siasa kama Jackson Heights. Pale ambapo wilaya imechanganyika, seneta anayejua kuzungumza na pande mbili anaweza kuwa ndiye anayewafaa watu wake, na kumwadhibu kwa hilo kunaweza kukipeleka kiti kwa chama kingine Novemba. Aliyeipima wilaya ya Savino kwa kipimo cha Queens alipima vibaya.

Upande wa mpinzani kuna upungufu mwingine, usiozungumzwa sana wakati wa kampeni: huenda asikae. Biaggi alitumikia vipindi viwili tu, kisha mwaka 2022 akagombea Bunge la Washington na kushindwa, hivyo wilaya yake ikahitaji kuanza upya na mtu mwingine. Si dhambi kutafuta cheo kikubwa zaidi, ila mpiga kura anayemwondoa mkongwe kwa ajili ya kijana ana haki ya kuuliza kama kijana huyo anataka kiti hiki au anataka ngazi.

Mfano wa Minneapolis

Mtu akidhani kwamba mambo haya ni ya New York tu, aangalie Minnesota, jimbo lenye jamii kubwa ya watu wa Afrika Mashariki. Agosti 2020, katika wilaya ya 62 ya Minneapolis, Omar Fateh, mwana wa wahamiaji wa Kisomali, alimshinda Jeff Hayden katika mchujo wa chama chao, na Novemba akawa Msomali wa kwanza katika Seneti ya jimbo hilo. Hayden hakuwa msaliti wa chama chochote. Alikuwa mmoja wa viongozi wa walio wachache, seneta tangu 2011. Lakini neno la kuzingatia hapo ni "walio wachache": cheo chake kilikuwa cha upande usioshika ajenda, kwa hiyo kumpoteza hakukuwa na gharama ambayo vipeperushi vilidai.

Kwa miaka miwili ya kwanza Fateh naye hakuwa na nguvu nyingi, kwa kuwa Warepublikani walikuwa bado wanaongoza Seneti. Mambo yaligeuka chama chake kilipopata viti 34 dhidi ya 33 katika uchaguzi wa 2022. Mwaka 2023 ukaleta leseni za udereva bila kuangalia hati za ukaazi, na mpango alioubeba yeye wa kusomesha bila karo, katika vyuo vya umma vya jimbo, wanafunzi wa familia zenye kipato chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Mswada wake wa kuinua malipo ya madereva wa teksi za mtandaoni, kazi inayowalisha wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki mjini humo, ulipita bungeni Mei 2023, na gavana Tim Walz, wa chama chake mwenyewe, akaukataa; maafikiano yalipatikana mwaka uliofuata. Seneta mpya anayeahidi kwamba atabadilisha kila kitu peke yake basi aulizwe pia kuhusu gavana.

Kabla ya siku ya kura

Kura zote za seneta aliye kitini zimewekwa wazi kwenye tovuti ya bunge la jimbo, mswada kwa mswada. Chagua miswada mitatu inayogusa nyumba yako, tazama alipiga nini, halafu umtafute mpinzani na umwulize angepiga nini kwa miswada hiyo hiyo, si kuhusu maadili ya jumla. Akijibu kwa maneno matamu yasiyo na ndiyo wala hapana, hilo nalo ni jibu. Wakilingana katika miswada na katika swali la kiongozi wa baraza, mimi ningemwacha aliye kitini abaki, kwa sababu wakati huo ukongwe ndio tofauti pekee iliyobaki.

Kanuni za kushiriki hutofautiana sana baina ya majimbo, na kwa wagombea wa chama kimoja kanuni hizo ndizo zinazoamua kama utaruhusiwa kuchagua. Minnesota haiandikishi watu kwa chama: unafika kituoni, unachagua safu ya chama kimoja na kubaki ndani yake, kwa maana ukichanganya vyama viwili kura hizo hazihesabiki. Unaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo, na kama huna hati inayoonyesha anwani yako, jirani aliyeandikishwa katika eneo hilo la kupigia kura anaweza kukuthibitishia makazi kwa kiapo, na anaruhusiwa kufanya hivyo kwa watu wasiozidi wanane. New York ni kinyume: mchujo ni wa wanachama walioandikishwa peke yao. Mwaka 2018, aliyekwisha kuandikishwa bila chama na akataka kuchagua kati ya Peralta na Ramos, alipaswa kuwa amewasilisha fomu ya kuingia chamani tangu Oktoba 2017, miezi kumi na moja kabla. Siku hizi mwisho ni Februari 14 kwa mchujo wa Juni. Kwa anayeishi huko, fomu hiyo ni ya kujazwa kabla hata majina ya wapinzani hayajajulikana.